Marehemu wa Nkoma

Uswidi,
20 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na dada Evalina huko Bariadi nisalimie sana. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba sikio lako la kulia limepunguza kelele. Mimi sijambo. Baridi imewahi mwaka huu na kazi imekuwa nyingi, maana huku magari yote hubadilishwa matairi kabla theluji haijaanguka, na wabebaji wa matairi katika ghala letu ni mimi na mwenzangu mmoja tu.

Najua hupendi kuandikiwa vipande vipande kwenye simu, na kuongea husikii vizuri. Ndiyo maana nakuandikia barua kamili kama ulivyonifundisha, naipiga picha, Evalina anaitoa kwenye karatasi pale dukani kwake na kukupelekea kwa bodaboda.

Michembe ya viazi mliyompa yule nesi wa Maswa aniletee imefika. Sikuweza hata kusubiri kuipika na karanga. Niliitafuna mikavu, nimekaa kitandani, mpaka taya zikauma.

Nimeambatanisha picha ya Anna. Ametimiza miaka saba. Shuleni kwao walikuwa na siku ya mataifa, kila mtoto akasimama na mchoro wake. Anakaa kwa mama yake, lakini kila mwisho wa wiki yuko kwangu, na ananimaliza kwa maswali. Mwambie mama aangalie paji lake la uso, ni la kwake kabisa.

Mwanao,
Fabian

*

Nkoma,
3 Novemba 2024

Mwanangu Fabian,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri. Mama yako magoti yanamsumbua lakini mdomo uko imara. Mvua imenyesha mara mbili, ng'ombe wangu wawili wa kulimia nimeshawatia nira, na wiki ijayo tunapanda pamba. Wabeja kwa picha. Mama yako ameichomeka kwenye kioo cha kabati na kila anayekuja kuomba chumvi lazima aonyeshwe.

Sasa nina swali, na ninaomba lijibiwe kwa sentensi kamili.

Mimi nimesimamia bendera ya shule kwa miaka thelathini na minne. Yetu naijua hata gizani. Aliyoichora mjukuu wangu ina msalaba mweupe na nyota tatu, na hiyo ni ya Burundi. Sina ugomvi na Burundi. Lakini chini ya mchoro pameandikwa jina, na nimelisoma kwa miwani na bila miwani: Anna Ndayizeye. Mama yako anasema labda ni jina la upande wa mama yake. Mama yake ni Mswidi, unavyotuambia. Sisi ni akina Jilala. Huyu Ndayizeye ni nani?

Nasubiri.

Baba yako,
Nathanael Jilala

*

Uswidi,
12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa nayo. Poleni na kilimo. Mama anaendeleaje na magoti? Mimi kiafya ni mzima.

Nimekaa na barua yako wiki kumi. Nimeanza kukujibu mara nyingi na kila mara nimeandika uongo mwingine, nikachana. Sasa naandika ukweli na sitasoma tena kabla ya kutuma, maana nikisoma sitatuma.

Ile kozi iliyonileta huku iliisha mwaka 2015, na kibali kikaisha nayo. Niliona aibu kurudi mikono mitupu baada ya kijiji kizima kunisindikiza mpaka stendi ya Bariadi. Mtu mmoja tuliyekuwa tunakaa naye akanifundisha njia: ukisema umekimbia vita, hawakurudishi. Nikamwambia kwetu hakuna vita. Akasema basi chagua kwingine.

Baba, usiku ule nilijaribu kuitungia Tanzania ubaya nikashindwa. Kila nilipotaka kuandika kwamba nilifukuzwa, nilikumbuka kwamba kule hakuna aliyewahi kunifukuza popote. Nilisoma Nkoma, nikapelekwa sekondari Tabora nikalala bweni moja na Wachaga na Wamakonde, na sikuulizwa kabila langu. Sikuwa na sababu ya kuikimbia nchi hiyo. Kwa hiyo nikasema mimi ni Mrundi wa Muyinga, jina langu Ndayizeye. Maofisa wa uhamiaji wakauliza familia iko wapi. Nikasema nyumba ilichomwa.

Wakauliza baba yako yuko wapi. Nikasema aliuawa.

Imeandikwa hivyo kwenye faili langu kwa miaka kumi. Anna amezaliwa ndani ya jina hilo. Anajua kwamba babu yake alikufa. Siwezi hata kumpa simu akusalimie.

Nisamehe.

Mwanao,
Fabian

*

Nkoma,
26 Januari 2025

Fabian,

Salamu zako nimezipata. Mama yako hajambo. Sijamsomea barua yako yote. Nimemsomea mpaka pale uliposema u mzima.

Kwa hiyo mimi ni marehemu. Nimekuwa marehemu tangu 2015 na nimeendelea kupalilia pamba. Nilizikwa wapi? Nani alinyoa nywele za msiba? Ungenipa taarifa, ningeacha kwenda kwenye vikao vya kijiji, vinachosha.

Unasema ulishindwa kuisingizia nchi yako. Ukataka nikupongeze kwa hilo, nimeona. Lakini Warundi ukawasingizia, nao ni watu, na wako waliochomewa nyumba kweli, ukakalia kiti cha mmoja wao. Na baba yako ukamuua. Bora ungeitukana nchi. Nchi ni kubwa, ingestahimili.

Mimi ni mtoto wa mchunga ng'ombe. Baba yangu hakujua kusoma jina lake. Nchi hii ilinichukua porini huko ikanipa chaki mkononi, na haikuniuliza nitailipa nini. Nimekula ugali wake maisha yangu yote. Utajiri haikunipa, na wala sidai. Nilidhani shukrani yangu kwake ni wewe.

Sina zaidi leo. Mwandiko umeanza kuharibika.

Marehemu baba yako

*

Uswidi,
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Natumaini pamba imefunga vizuri na mama hajambo.

Kila neno uliloandika ni haki yako kuliandika. Nisingekusumbua tena, lakini kuna jambo limetokea na linakuja mpaka hapo mlangoni kwako.

Mwaka jana niliomba uraia wa huku. Wakafungua upya faili langu. Wakaniletea mkalimani wa Kirundi, mzee mpole tu, tukaongea robo saa. Mwisho akaniuliza kwa Kiswahili kama nimechoka, nikamjibu. Akacheka kidogo. Akawaambia Kirundi changu ni cha kujifunza, na Kiswahili changu ni cha mtu aliyekua kwa Wasukuma. Kwenye simu yangu ya zamani wameona namba za Evalina. Wamesema picha yangu itatumwa Tanzania, na watu watakuja kijijini kuuliza.

Baba, nakuomba. Wakikuonyesha ile picha, sema hunijui. Neno moja tu. Wakithibitisha mimi ni nani watanirudisha, na nikirudishwa hawataniruhusu kukanyaga huku kwa miaka mingi. Anna atakuwa mtu mzima. Mama yake ni mtu mzuri lakini hana uwezo wa kumleta Nkoma.

Kulala kwenyewe silali. Nikisikia lifti inasimama ghorofa yetu, navaa viatu.

Mwanao,
Fabian

*

Nkoma,
16 Machi 2025

Fabian,

Marahaba. Naitikia kwa sababu salamu haina kosa.

Jibu langu ni hapana. Nina miaka sabini na moja, na katika kijiji hiki watu wakigombania mpaka wa shamba wananiita mimi niseme ulipokuwa, na nikishasema wanakwenda nyumbani. Hicho ndicho nilicho nacho. Sitakitumia kusema mtoto niliyemzaa simjui.

Mama yako sasa ameshasomewa zote. Alizipeleka barua kwa Debora wa jirani akasomewa huko. Tangu jana hanisemeshi, anasema na kuku.

Wewe nenda mwenyewe kwa hao watu. Uliowaambia nimekufa, waambie nipo. Uliloliharibu kwa mdomo wako lirekebishe kwa mdomo huo huo, usinipe mimi kazi hiyo.

Baba yako,
Nathanael

*

Nkoma,
14 Aprili 2025

Mwanangu Fabian,

Salama? Sisi tupo. Mvua za mwisho mwisho hizi, pamba imeanza kupasua vitumba. Mama yako anakusalimu, sasa ameanza kuongea nami.

Wamekuja asubuhi. Alikuja Joakim, Mtendaji wetu wa Kijiji, pamoja na bwana mmoja wa mjini mwenye bahasha. Joakim unamkumbuka, mlikalia dawati moja mpaka darasa la saba, na nilishawahi kumchapa kwa kudanganya kwamba bibi yake amefariki. Tulikaa barazani. Yule bwana akatoa picha. Umenenepa shingo.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Wiki nne nimejiandaa. Lakini jana mama yako aliniambia kitu. Aliniambia, "Wewe unagombania jina lako. Mimi nagombania mtoto asinyang'anywe baba yake. Mimi ningekuwa na jina kubwa kama la kwako ningelitupa chooni leo hii." Akaenda kulala.

Yule bwana akauliza, "Mzee, unamfahamu huyu?" Nikasema, "Simjui."

Joakim alikuwa ameinama anaandika. Kalamu ikasimama. Akanitazama, mimi nikatazama banda la kuku. Akaandika hivyo hivyo. Akanipa nikasaini. Ameandika uongo huku akijua ni uongo, kwa sababu mwalimu wake amesema, na mimi ndiye niliyemfundisha asiandike asichokijua. Walipoondoka mama yako akasema wabeja, akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Basi. Ulichoniomba nimekupa. Kaa na mtoto wako.

Baba yako

*

Uswidi,
14 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo! Mama shikamoo! Mko salama? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote.

Jumamosi nilikuwa nasikiliza ile sauti aliyoirekodi Evalina siku ya Krismasi, unaposalimia watu na kukohoa. Sikujua Anna yuko mlangoni. Akauliza, "Ni nani huyo anayeongea kama wewe?" Nilitaka kusema ni rafiki. Nimekuwa nikisema hivyo siku zote. Safari hii nikamwambia ni babu yake.

Akasema, "Kwa hiyo hawakumuua?" Nikasema hapana, hakuna aliyemuua, yupo, analima. Baba, mtoto aliruka juu ya kochi. Aliniambia nirudie ile sauti mara sita. Kumbe miaka yote amekuwa akikulilia usiku kwa mama yake na mimi sikujua.

Nikaona siwezi kumrudishia msiba aliokwisha kuvua. Leo asubuhi nimekwenda ofisini kwa watu wa uhamiaji peke yangu. Nimewaambia: mimi ni Fabian Jilala, Mtanzania, nimezaliwa Nkoma, baba yangu yuko hai, anaitwa Nathanael, mwalimu mstaafu. Mwandishi wao aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilipotamka Mtanzania nikahisi kama nimelala nje miaka kumi na sasa mtu amenifungulia mlango.

Watakuja kwako kuuliza. Sahau nilivyokuomba. Wakija, sema kweli yote.

Mwanao,
Fabian Jilala

*

Uswidi,
30 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea na kuvuna. Mama apumzike, asiiname sana mashambani. Afya yangu si mbaya.

Barua zetu zilipishana siku moja hiyo hiyo. Evalina ameniambia alikaa dukani na zote mbili mkononi, ya kwako inatoka na ya kwangu inaingia, akashindwa hata kutoa chenji.

Nipo katika nyumba wanayowashikilia watu ambao hawajulikani wa kupelekwa wapi. Si gereza. Kuna televisheni na supu. Lakini madirisha yanafunguka upana wa kiganja tu, na mlango wa nje unafungwa kwa upande wao. Jibu limetoka Tanzania kwamba mtu huyu hajulikani kijijini. Walinionyesha karatasi. Nilitambua sahihi yako kabla sijasoma jina. Burundi nao wamesema hawanijui, na kweli hawanijui. Kwa hiyo wanasema nimewadanganya mara mbili, na nitakaa hapa mpaka nchi moja iseme mimi ni wake.

Nimekutana na mtu humu ana miezi kumi na tisa. Anajua idadi ya vigae vya sakafu.

Anna analetwa kila Jumamosi. Tunapewa dakika arobaini na kuna meza katikati. Anakuulizia wewe kila mara.

Sikulaumu, baba. Nilikuomba na ulinipa, na najua ulitoa kitu gani. Sasa sijui hata nikuombe lipi. Ukinyamaza, nitabaki hapa ndani na Anna ataendelea kuja Jumamosi. Ukisema, nitarudi Nkoma, na sijui nitamwona tena lini. Nimeligeuza hili kila upande na halina upande mzuri.

Mwanao,
Fabian

*

Nkoma,
22 Juni 2025

Ng'wanone Fabian,

Mwangaluka. Natumaini barua hii wamekufikishia, na kwamba unakula. Mimi na mama yako tuko hai, nasema hivyo kwa herufi kubwa. Pamba tumevuna, iko ndani imejaa mpaka chumba chako.

Nilikwenda kwa Joakim siku ile ile niliposoma yako ya Aprili. Nikamwambia, nilikudanganya, andika upya. Akasema, "Mwalimu, ile ina muhuri. Nikiandika nyingine kinyume chake wataniuliza ipi ni ya kweli, na mimi na wewe wote hatuaminiki sasa. Labda kijiji kiseme."

Basi ilipokuja yako ya Mei nikalipeleka dagashida, mkutano wa kijiji. Niliomba mwenyewe baraza la sungusungu liitwe, na tangu tuzaliwe hatujasikia mtu anayejiitia baraza. Nilisimama katikati ya wanaume wenzangu, zaidi ya nusu nimewafundisha kusoma, nikasema: niliulizwa mbele ya serikali kama namjua mwanangu, nikasema simjui. Nikasikia mbuzi wa watu wakitafuna. Halafu Elia, yule mnyonge niliyekuwa namkalisha mbele kwa sababu ya macho, akasema sheria ni moja, haina mwalimu. Wakanitenga. Siku tisa hakuna aliyenisalimia wala kunipa moto, na mama yako alikwenda kuteka maji peke yake, wengine wakishaondoka. Nimefundisha uraia miaka mingi lakini sikuwa najua kijiji chako kikikunyima salamu unakuwa nani. Wewe umeishi hivyo miaka kumi. Nimekuelewa kidogo.

Wakanipiga mchenya, faini ya dume la kuliwa na kijiji. Nimetoa mmoja wa wale ng'ombe wangu wawili wa kulimia. Aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake, kwa hiyo msimu ujao nitaomba wa kuazima. Kosa likishaliwa limekwisha, ndiyo mila yetu, lakini safari hii Joakim alifanya kitu cha ziada. Kabla nyama haijagawanywa alipitisha daftari, na kila aliyetaka kula alitia sahihi au dole gumba kwamba anamjua Fabian mtoto wa Nathanael na Ernestina, aliyezaliwa hapa, akasoma hapa. Wametia watu mia moja na kumi na wawili. Wengine walikuwa wachanga ulipoondoka, nikawaambia wao wale tu wasisaini, tusianze upya.

Nilirudi nyumbani na wanaume wawili wakinisindikiza, tunasalimiana njia nzima na kila mtu. Nikakaa barazani nikaona vilima vile vya mawe, na mashamba yamebaki mabua matupu, na vumbi lile lile. Nimeipenda nchi hii hata ikanikera. Imenitia adabu uzeeni, na imekubali kukuita wake wakati mimi baba yako nilikuwa nimekataa.

Daftari na barua ya Joakim nimevikabidhi mwenyewe Bariadi kwa yule bwana wa bahasha juzi Ijumaa. Sasa huwezi kusema hatukujui.

Mwanangu, najua nilichofanya. Nimekuita wa kwangu, na kwa kukuita hivyo nimekutoa kwa mtoto wako. Nilikaa na barua yako kama ulivyokaa na ya kwangu, nikaigeuza, na sikupata upande mzuri hata mimi. Niliona tu kwamba siwezi kukuacha ndani ya nyumba yenye dirisha la kiganja wakati nina mdomo wa kukutoa. Mama yako amekubali, lakini ile picha ya kwenye kabati ameigeuza, anasema hawezi kuangaliana nayo kwa sasa.

Jumamosi Anna akija, usimwambie serikali, usimwambie sheria. Mwambie ni babu yake wa Nkoma ndiye aliyechagua, si wewe. Akilia, mwache alie. Akikasirika, anikasirikie mimi. Mpe anwani yangu aniandikie hasira zake zote kwa lugha yake, Evalina atatafuta mtu wa kutusomea. Mimi nipo, nitamjibu.

Baba yako,
Nathanael Jilala